Ersilia Alivyolewa Hesabu za Bahati

Ersilia Cacace alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoanza kulewa bila kunywa. Uchochoro mzima wa mtaa wa Sanità, mjini Napoli, ulimwona akipita na kikapu cha mboga huku akicheka peke yake, akisimama katikati ya njia, akirusha kitufe hewani, akikidaka, akikitazama, kisha akisema kwa sauti, "Kumbe!" Wengine walidhani ni joto. Wengine walidhani ni mwanamume. Wifi yake Zenobia, aliyekaa ghorofa ya juu yake na hakuwahi kumwacha apumue tangu siku ya harusi, alidai kwamba ni uzee umeingia mapema kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kumbe ilikuwa hesabu.

Kazi ya Ersilia ilikuwa kushona glavu. Alizishona nyumbani, kwenye cherehani iliyokaa karibu na dirisha, za ngozi laini kama shavu la mtoto, na glavu hizo zilikwenda kuvaliwa na mabibi wa miji ambayo yeye hakuijua. Shule aliiacha akiwa binti mdogo. Mume wake, Sabatino, alikuwa dereva wa ile treni ya kamba inayopanda mlimani, akipanda na kushuka, kushuka na kupanda, na kila Jumamosi alikwenda kucheza bahati nasibu kwa namba alizoziota. Maisha yao yalikuwa hivyo, wala hayakuwa mabaya.

Kisha mwaka wa sabini na tano likafunguliwa darasa la watu wazima pale mtaani. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wamepigania haki ya kusoma ndani ya saa za kazi na wakaipata, na akina mama wa nyumbani nao wakaruhusiwa kuingia. Ersilia alilisikia tangazo akiwa dirishani, Zenobia akiwa dirisha la juu.

"Usije ukajaribu, wifi," Zenobia alisema akikung'uta shuka. "Wewe hata wiki hutamaliza. Utalala mezani, utoke udenda, utuaibishe ukoo."

Ersilia hakuwa amefikiria kwenda. Lakini baada ya maneno yale, hata kama lingekuwa darasa la kufuga nyoka, angekwenda.

Siku ya kwanza alikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri daktari wa meno. Mwalimu wa hesabu aliitwa Ludovico Amitrano, kijana mwembamba, koti limemzidi, sauti ndogo kama ya mtu anayeomba radhi. Akatoa mfukoni mfuko wa kitambaa, akaufungua, na darasa zima likapiga mbinja. Mfuko ulijaa sarafu! Mwaka ule sarafu zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Ukinunua mkate unarudishiwa peremende. Watu waliutazama mfuko ule kama walioona hazina ya mfalme.

"Nitazihesabu mkirudisha," mwalimu alisema, akiona haya. "Sasa sikilizeni. Kila mmoja atarusha sarafu mbili pamoja. Upande huu tunauita kichwa, ule msalaba. Kabla hamjarusha, nibashirieni. Matokeo ni mangapi?"

Ersilia alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Matatu, mwalimu! Vichwa viwili, misalaba miwili, au mchanganyiko, kimoja kimoja. Matatu. Basi kila moja lina theluthi yake."

"Kweli kabisa," alidakia Oreste, fundi wa kiwanda cha chuma, pande la mtu aliyekaa kwenye kiti cha wanafunzi kama tembo kwenye kigoda. Darasa zima likakubali.

Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Aliandika utabiri wa Ersilia ubaoni, akauzungushia duara, akasema, "Haya, rusheni."

Wee! Kilichofuata hakikuwa somo, ilikuwa ngoma. Sarafu zilipaa, zikagonga taa, zikabingirika chini ya makabati, watu wazima wenye mvi wakatambaa chini ya meza wakipiga kelele, "Kichwa! Msalaba! Usiiguse, wewe, ilikuwa imeshalala!" Oreste alirusha kwa nguvu ya kiwandani, moja ikatoka dirishani, akakimbilia nje kuitafuta, akarudi anahema, "Kichwa! Nimeapa kwa mama, ilikuwa kichwa!" Na yule mwalimu aliyekuwa kama mtu wa kuomba radhi sasa alirukaruka mbele ya ubao, koti limepeperuka, akipiga alama za chaki, kola yote imekuwa nyeupe.

Walipojumlisha, vichwa viwili vilipata karibu robo. Misalaba miwili, karibu robo. Mchanganyiko ulipata karibu nusu nzima.

"Sarafu mbovu hizo," Oreste alisema.

"Turushe tena?" mwalimu akauliza, macho yanang'aa.

Wakarusha tena. Yakatoka yaleyale, au karibu yaleyale. Ersilia aliutazama ubao, akatazama sarafu mbili kiganjani, moja imechakaa, moja inameta. Akahisi kitu kinampanda kutoka tumboni hadi kooni kama chafya. Akasimama.

"Ni glavu!" akapiga ukelele.

"Nini?"

"Glavu! Ya kushoto na ya kulia! Kichwa kwenye hii na msalaba kwenye ile ni jambo moja. Msalaba kwenye hii na kichwa kwenye ile ni jambo jingine! Mimi nimeyafunga pamoja nikayaita mchanganyiko, lakini ni mawili! Si matatu, mwalimu, ni manne! Manne!"

Mwalimu Ludovico akaiweka chaki chini polepole. "Mama," alisema, "kuna mabwana wakubwa wa zamani, wenye vyeo na mawigi, waliokosea palepale ulipokosea wewe. Tofauti ni kwamba wao hawakurusha."

Ersilia alitoka pale miguu haigusi ardhi. Alipofika uchochoroni aliimba ngazi zote tatu, na alipofika kwake hakuingia, akapanda hadi mlango wa Zenobia akaugonga kwa makusudi.

Tangu siku ile nyumba haikukalika. Kila kitu kiligeuka sarafu. Alichukua vitufe vyeusi na vyeupe, akavitia ndani ya soksi, akawa anavitoa bila kutazama, kwanza akivirudisha, kisha bila kuvirudisha, na alipogundua kwamba kutorudisha kunabadilisha mambo, alimkimbilia Sabatino bafuni, aliyekuwa amejaa povu la kunyolea. "Sabatino! Kitufe kikitoka, wenzake wanajua!" Sabatino akajikata kidevu. Kanisani alisikiliza kikohozi cha padri na kubashiri kama kitakuja kabla ya amina au baada. Muuza samaki alipoteremshiwa kikapu kwa kamba kutoka dirishani, Ersilia alimpigia kelele, "Nitilie dagaa bila kuchagua! Nataka sampuli ya haki!" na yule muuza samaki, aliyekuwa amekwishamchagulia waliolegea, akaona haya akabadilisha.

Mwalimu aliwafundisha kwamba somo lile lina mlango wake. Usianze na kanuni, alisema, kanuni ni kama mkwe, mzoee kwanza. Bashiri kabla hujahesabu, useme kwa sauti, ili ukikosea usiweze kukana. Kisha ufanye jambo lenyewe kwa mikono. Ukikwama kwenye namba kubwa, lipunguze swali mpaka liingie kwenye sahani: badala ya watu mia, watu wawili. Chora matawi, tawi moja kwa kila linaloweza kutokea, na usilione tawi dogo ukalikata kwa sababu halipendezi. Na tafuta mtu wa kubishana naye, maana kichwa kimoja hujidanganya kwa raha.

Mtu wa kubishana naye Ersilia alimpata bila kutafuta. Oreste alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Walikaa meza moja, wakagombana mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza nani amepigwa.

"Msalaba umetoka mara tano mfululizo," Oreste angesema. "Sasa lazima kichwa kije. Haki yake!"

"Haki ya nani, we Oreste? Sarafu ina daftari? Ina moyo? Inakaa ikinung'unika, jamani kichwa amesahauliwa?"

"Lakini mwishowe inajisawazisha!"

"Inajisawazisha kwa kuzidiwa, si kwa kulipa. Ukimwaga kikombe cha mchuzi baharini, bahari hairudishi mchuzi, inauzidi tu."

Oreste angefikiri, mashavu yamevimba. "Sema tena hiyo ya mchuzi."

Basi balaa likaja kuingilia hapohapo. Mtoto wao wa pekee, Liberato, alikuwa na mke aitwaye Ornella na mabinti watatu. Ornella alikuwa mjamzito tena, tumbo limekuwa kubwa kiasi kwamba alipopita uchochoroni pikipiki zilisimama. Na Sabatino, ambaye kwa desturi alistahili mjukuu wa kiume wa kubeba jina lake, alikuwa amekwishangoja mara tatu na kuambulia mabinti mara tatu, akawapenda wote na kuwalaumu kidogo.

"Safari hii ni wa kiume," alitangaza siku moja ya Jumapili, uma hewani, mchuzi wa nyama unadondoka. "Wasichana watatu mfululizo! Mvulana amechelewa. Ni kama namba isiyotoka muda mrefu, ikichelewa sana ndiyo unaiwekea dau."

Ersilia aliweka mkate chini. "Tumbo halihesabu, Sabatino."

"Mungu anahesabu."

"Mungu ana kazi nyingine. Ni nusu kwa nusu, kama jana, kama juzi."

"Wewe na nusu zako! Tangu uanze shule hiyo hakuna kitu kizima ndani ya nyumba hii. Haya, tuwekeane dau. Akiwa wa kiume, unaacha shule."

Zenobia, ambaye kila Jumapili alishuka kula na kukosoa chumvi, aliegemea mbele kwa furaha.

Mtu mwingine angekasirika. Ersilia alihisi ile chafya ya tumboni. "Na akiwa wa kike?"

"Akiwa wa kike... nitaanika nguo."

Liberato akapaliwa. Hakuna mwanamume wa Sanità aliyewahi kuonekana kwenye baraza la ghorofani akianika nguo. Bora aonekane akiiba.

"Siku moja?" Ersilia akauliza. "Haiwezekani. Nikishindwa mimi napoteza shule yote. Ukishindwa wewe unapoteza asubuhi moja. Nafasi ni sawa, lakini uzito si sawa. Dau la haki ni hili: muda wote nitakaokuwa shuleni, wewe unaanika. Na aproni unavaa. Ile ya maua."

"Ya maua!" Zenobia alipiga meza kwa kiganja. "Kubali, kaka! Mvulana amechelewa, si umesema?"

Sabatino alitazama huku na huku, akaona heshima yake imesimama mlangoni na koti mkononi. Akakubali.

Mwalimu Ludovico alipopata habari alishika kichwa. "Mama Ersilia! Umeweka rehani masomo yako kwenye jambo la nusu kwa nusu?"

"Dau lilikuwa la haki, mwalimu. Nililipima kwenye mizani."

"Dau la haki si lazima liwe la busara! Tajiri na maskini wakirusha sarafu moja kwa nyumba zao, ni haki, lakini mmoja tu ndiye atakayelala nje."

Neno lile lilimwingia. Alirudi nyumbani akiwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya sarafu, akashona glavu nne, na zote nne zikawa za kushoto. Lakini neno likishatoka kinywani mwa Mnapoli mbele ya mashahidi, hata askofu halirudishi.

Ornella alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi asubuhi, na kufikia adhuhuri uchochoro wote ulikuwa barazani. Watu waliacha vyungu motoni. Oreste alikuja kutoka kiwandani na mavazi yake ya kazi, akasimama katikati ya njia na wenzake wanne wa darasani kama timu ya mpira. Sabatino alikuwa akizunguka kisima cha maji, kofia ya kazi imegeuka kisogoni. Ersilia aliketi kwenye kiti mlangoni, anafunga na kufungua mikono.

Dirisha likafunguka. Mkunga, Bi Palmira, mwanamke wa sauti ya tarumbeta, akatoa kichwa.

"Mvulana!"

Sabatino aliruka juu akabusu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa Oreste. Vyungu vikapigwa, mtu akarusha ganda la limau, kengele ya mtu ikalia. Ersilia alibaki pale kwenye kiti. Alicheka, kwa maana mjukuu ni mjukuu, na machozi yakamtoka, kwa maana shule ilikuwa shule.

"Ngojeni, enyi wendawazimu!" tarumbeta likalia tena. "Hamjanisikiliza! Sijamaliza! Mwingine huyu anakuja!"

Vyungu vikashushwa, hata mbwa walikaa. Kisha kilio kidogo, kikali, kama bawaba isiyo na mafuta.

"Msichana!"

Hapo ndipo kulipozuka vurugu ambalo watu walilisimulia kwa miaka. Nani ameshinda? Sabatino alishinda! Hapana, Ersilia! Mvulana ametangulia! Aliyetangulia ndiye nini, hii ni mbio za farasi? Baraza la kulia lililizomea baraza la kushoto. Zenobia, kwa mara ya kwanza maishani, hakujua aelemee upande gani, akapiga kelele pande zote mbili. Mwishowe Oreste akanguruma, "Aitwe mwalimu!" na watu watatu wakaenda kumbeba.

Ludovico Amitrano aliletwa akiwa na mkoba wake na kipande cha mkate bado mkononi. Wakampandisha juu ya sanduku la machungwa. Akatazama mabaraza yaliyojaa vichwa hadi angani.

"Dau lilisemaje?" akauliza kwa sauti yake ndogo.

"Wa kiume, aache shule! Wa kike, aanike nguo!"

"Na wote wawili je?"

Mwalimu akageukia kiti cha mlangoni.

"Mama Ersilia, ulichora matawi?"

Ersilia alifunika uso kwa aproni. "Nilichora, mwalimu. Mawili."

"Na tawi la mapacha?"

"Lilikuwa dogo..." Akaanza kutetemeka kwa kicheko. "Lilikuwa dogo, nikasema halitatokea, sikulichora!"

"Basi hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Mliweka dau kwenye dunia ndogo kuliko dunia yenyewe."

"Walipe wote wawili!" mtu akapiga kelele kutoka ghorofa ya tatu, na wengi wakamshangilia, kwa kuwa watu hupenda malipo ya wenzao.

Lakini Sabatino tayari alikuwa ametoka ndani kuwatazama watoto, na uso wake ulikuwa umeyeyuka kama siagi. Akapanda juu ya sanduku kando ya mwalimu, nusura wote wawili waanguke.

"Nisikilizeni! Mimi nina Sabatino wangu ndani, ana masikio yangu, maskini mtoto. Na nina binti mwingine mwenye sauti ya Zenobia. Mke wangu anakwenda shule. Nguo..." akameza mate, "nguo nitaanika. Leo tu!"

Leo tu! Mapacha wale wawili waliloanisha nepi kama waliolipwa kwa kazi hiyo. Leo ikawa kesho, kesho ikawa wiki, na kufikia siku ya ubatizo Sabatino alikuwa amekwishazoea kusimama barazani na aproni ya maua, vibanio vya nguo mdomoni, akibishana juu ya mpira na wanaume wa chini waliokuja kumcheka na kubaki kuzungumza.

Ubatizo ulifanyika Jumapili ya masika, na meza ziliunganishwa uani kutoka ukuta hadi ukuta. Walikaa watu arobaini na mmoja: ukoo, majirani, darasa zima la wazee wa sarafu, mwalimu mwenyewe akiwa ameazima koti lililomtosha. Baada ya tambi, kabla ya nyama, Ersilia alisimama akagonga glasi kwa uma.

"Nina jambo. Ndani ya uwanja huu kuna watu wawili waliozaliwa tarehe moja."

"Mapacha!" uwanja mzima ukajibu kwa sauti moja, na vicheko vikapasua vioo.

"Tuwatoe mapacha, wajinga nyinyi, wao hawakukaa mezani! Katika sisi tuliokaa. Nasema wapo wawili."

"Katika siku mia tatu na sitini na tano?" Sabatino aliuliza. "Na sisi arobaini? Kwanza hapa nani anajua siku ya kuzaliwa? Sisi tunasherehekea siku ya mtakatifu tuliyepewa jina lake. Mimi yangu huitazama kwenye kitambulisho."

"Wewe unafikiri mmoja atafute mwenzake. Fikiri tulivyosalimiana leo! Kila mmoja amembusu kila mmoja. Umechoka mashavu au hukuchoka? Mabusu zaidi ya mia nane! Kila busu ni jozi ya watu, na kila jozi ina nafasi yake ndogo. Ndogo mara mia nane si ndogo tena. Nimehesabu nafasi ya wote kutofanana, nikaitoa kwenye moja nzima: nafasi yangu ni tisa katika kumi."

Oreste alimnong'oneza mwalimu, "Kweli?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa jibini.

"Nikishinda," Ersilia alisema, "wanaume wanaosha vyombo. Vyote. Nikishindwa, naosha mimi."

Wanaume waliangaliana, wakatazama ile milima ya sahani, wakacheka, wakakubali. Vitambulisho vikatoka mifukoni. Mmoja mmoja alisimama na kutaja tarehe kama anayeitwa jeshini. Tatu Januari. Kumi na tisa Juni. Minong'ono. Nane Agosti. Kila tarehe mpya ilipotajwa isifanane, wanaume walipiga meza, "Bado!" Ersilia alitaja yake, ishirini na saba Novemba, bado. Mwalimu alitaja yake, bado. Oreste na mama mmoja mshona kofia walipishana siku moja tu, uwanja ukapiga yowe. Zenobia alisimama, akajishika kiuno, akasema hakubeba kitambulisho kwa kuwa yeye si mhalifu, akataja kumi Februari kwa mkato, akaketi. Bado. Akabaki padri, mtu wa mwisho, mzee aliyesinzia. Wakamwamsha.

"Krismasi," padri alisema. "Kwa nini?"

Hakuna aliyefanana. Wanaume walisimama juu ya viti. Vitambaa vya meza vilirushwa, Sabatino alivua aproni ya maua akamvika mke wake kwa heshima zote kama anayemvika malkia taji. Na Ersilia, badala ya kununa, alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Moja katika kumi!" alimwambia mwalimu, akipangusa macho. "Nimekaa kwenye ile moja katika kumi!"

"Hongera," mwalimu alisema, naye anacheka. "Kila mtu anaijua ile tisa. Wachache wamewahi kukutana na ile moja uso kwa uso."

Rekodi zikapigwa, watu wakacheza, nyama ikaliwa. Ersilia aliingia jikoni na milima yake ya sahani. Zenobia akamfuata, divai imempanda mashavuni, akachukua kitambaa akaanza kupangusa bila kuombwa, jambo lililokuwa la ajabu kuliko mapacha. Waliosha sahani zote, wakazipanga kabatini zinang'aa. Na muda wote Zenobia alikuwa akitoa vicheko vidogo vya puani, kama chungu kilichofunikwa.

"Una nini, wifi?"

"Sina kitu."

"Zenobia."

"Kumi Februari," Zenobia alisema, akaanguka kwenye kiti akicheka. "Kumi Februari ni siku ya paka wangu! Ndiyo siku niliyomwokota!"

Ersilia alishika ukingo wa beseni. "Na yako ni lini?"

Zenobia akajifunika uso kwa kitambaa kilicholowa. "Niliona karatasi zako za ndoa, siku ileile ulipoolewa. Ishirini na saba Novemba. Nikasema, Mama Mtakatifu, amechukua kaka yangu, amechukua chumba chenye baraza, sasa na siku yangu pia? Nikaapa sitaisema mpaka kufa. Miaka thelathini, wifi! Miaka thelathini nakula keki ndogo peke yangu, mlango nimefunga!"

Walitazamana. Kisha Ersilia akapiga ukelele uliosimamisha muziki uani, akamkumbatia wifi yake, wakazunguka jikoni kama watoto, wakagonga meza, wakagonga kabati, wakapiga chafya za kicheko.

"Tumeshinda!" Ersilia alisema. "Wanaume waoshe vyombo!"

"Vyombo ni safi, wifi. Tumeviosha sisi."

Ersilia alisimama. Alitazama kabati lililojaa sahani nyeupe. Alitazama mekoni, palipokuwa na sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama uliobaki, mwekundu, mzito, unameremeta mafuta.

Zenobia aliyafuata macho yake. "Usithubutu," alisema, na tayari alikuwa amekwishafungua kabati.

Wakazitoa zote. Ersilia alishika upawa, Zenobia alishika sahani, mmoja akimwaga na mwingine akipaka hadi ukingoni, wakiimba. Walipomaliza, Ersilia alijipangusa mikono, akafungua dirisha la uani.

"Sabatino! Oreste! Mwalimu, na wewe pia! Njooni mmsikilize Zenobia, ana tarehe ya kuwaambia!"